Mtihani wa Mwisho wa Sheria: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mombasa

Mwanafunzi wa sheria anayeanguka mtihani wa mwisho mara nyingi sheria anaijua. Amesoma, amejaza madaftari, na majina ya kesi anayo mdomoni. Kinachomwangusha ni kwamba ameulizwa habari ya mtu fulani, kiwanja fulani na tarehe fulani, naye akaandika kila anachokijua kuhusu mada. Msahihishaji anabaki na kurasa nne mkononi na hana pa kuweka alama. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea upande wa kuandika jibu.

Tutatumia mfano wa karatasi uliozoeleka katika vyuo vingi vya Kenya: saa mbili, alama 70, swali la kwanza la lazima lenye alama 30, halafu mawili ya kuchagua yenye alama 20 kila moja. Alama 30 nyingine hutoka kwenye majaribio na kazi za muhula. Kama chuo chako kina mpango tofauti, rekebisha hesabu, utaratibu ubaki uleule.

Wiki nane kabla: anza na ofisi

Kabla ya kwenda maktaba, pita ofisini. Hakikisha umesajiliwa kwa kila somo unalokusudia kufanya, jina na nambari yako ya usajili havina kosa, na alama zako zote za muhula zimeingia. Alama ya jaribio iliyokosekana ni rahisi kutafutwa wakati mhadhiri angali na karatasi zenu; baada ya mtihani huenda ikachukua miezi. Angalia pia kama masomo mawili yamewekwa saa moja siku moja. Jambo hili huwapata hasa wanaorudia somo la mwaka wa nyuma, na ni lazima liripotiwe kwa maandishi mapema.

Karo nayo isingoje. Pesa zilizotumwa jioni ya kuamkia mtihani huenda zisionekane kwenye akaunti ya chuo asubuhi, na bila salio kulipwa kadi ya mtihani haitoki. Lipa mapema kadiri unavyoweza, chapisha risiti, uziweke pamoja na kadi. Usiyekuwa nazo zote, nenda ukaombe mpango wa malipo wiki hizi, wakati foleni bado ni fupi na anayekusikiliza ana nafasi ya kukusikiliza.

Sasa kusanya vitu vitatu kwa kila somo: muhtasari wa somo, karatasi za mitihani ya miaka mitano iliyopita, na maswali mliyofanya darasani. Chora jedwali: mada upande wa kushoto, miaka juu, na alama ya tiki kila mada ilipoulizwa. Utaona haraka mada zinazorudi. Lakini usicheze kamari ya kusoma tatu tu. Swali la lazima mara nyingi huchanganya mada mbili au tatu ndani ya kisa kimoja, na aliyeacha nusu ya muhtasari hugundua hapo kwamba hana pa kukimbilia. Kipimo tunachopendekeza ni theluthi mbili ya mada kwa kina, na zilizobaki angalau kwa kanuni kuu na kesi moja. Kama mhadhiri amebadilika, karatasi za zamani zipunguzie uzito, uongeze uzito wa yale aliyoyasisitiza yeye mwenyewe darasani.

Kadi ya kesi

Kesi moja, kadi moja, mistari minne. Jina, mwaka na mahakama. Kisa kwa sentensi moja. Mahakama iliamua nini na kwa sababu gani. Na mstari wa nne, ambao wengi huuacha: kesi hii naitumia wapi, na haifiki wapi.

Mstari huo wa nne ndio unaotenganisha wanafunzi. Chukua kesi ya Muruatetu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017. Wengi huikariri kama kesi iliyofuta adhabu ya kifo Kenya. Sivyo. Mahakama ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa mauaji, bila nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa, ni kinyume cha Katiba. Adhabu yenyewe haikufutwa. Tena mwezi Julai 2021 Mahakama ileile ikatoa maelekezo kwamba uamuzi ule unahusu kosa la mauaji tu, hauendi wenyewe hadi kwenye makosa mengine kama wizi wa kimabavu. Kadi yenye maneno hayo mawili, "si kufuta" na "mauaji tu", inakukinga na kosa ambalo msahihishaji hukutana nalo kila mwaka.

Hukumu zenyewe zipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na sheria zote za nchi. Soma hukumu yenyewe kwa zile kesi kumi za msingi za kila somo. Zilizobaki muhtasari unatosha. Hukumu ndefu kama ile ya BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kubadilisha Katiba) ya mwaka 2022, [2022] KESC 8 (KLR), usiianze ukurasa wa kwanza ukidhani utafika mwisho. Tafuta mahali masuala yalipoorodheshwa, kisha amri za mwisho, halafu urudi kusoma sababu za suala moja moja, na uandike jaji gani alipinga wapi.

Jambo la mpangilio: mahakama za Kenya kwanza. Kwa Kifungu cha 163(7) cha Katiba, uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama nyingine zote. Kesi za Uingereza zina nafasi yao, na somo la mikataba haliwezi kwenda bila Carlill v Carbolic Smoke Ball Co ya 1893 wala madhara ya uzembe bila Donoghue v Stevenson ya 1932. Ila ukiulizwa kuhusu amri ya zuio la muda ukaanza na kesi ya ng'ambo, umeiacha Giella v Cassman Brown ya 1973, ambayo ndiyo inayotajwa kila siku kwenye mahakama zetu: hoja yenye dalili ya kushinda, hasara isiyoweza kulipika kwa pesa, na pakiwa na shaka, mizani ya nani ataumia zaidi.

Ieleze kwa Kiswahili, iandike kwa Kiingereza

Karatasi za sheria ni za Kiingereza, na wengi wetu tunayakariri maneno ya Kiingereza bila kuyashika. Kabla hujakariri kanuni, ieleze kwa Kiswahili cha barazani, kama unamweleza shangazi ambaye hajasoma sheria. Ukikwama katikati, umepata mahali usipopaelewa. Ukifika mwisho, sasa geuka uiandike kwa Kiingereza kwa sentensi mbili, na hizo mbili ndizo utakazozikariri. Njia hii inasaidia zaidi kwenye sheria ya ushahidi na ya amana, ambako maneno ni mazito kuliko mambo yenyewe.

Kikundi cha kusoma kiwe watu watatu au wanne. Kila mmoja aje na swali moja la zamani alilokwisha kuliandika kwa mkono, mbadilishane na kusahihishana. Kikundi cha kukutana ili kusomeana madaftari kinakula jioni nzima na hakiachi kitu.

Hesabu ya dakika

Dakika 120. Toa 10 za kusoma karatasi na kuchagua maswali, toa 5 za kupitia mwishoni. Zinabaki 105 kwa alama 70, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 30 lina dakika 45. Kila swali la alama 20 lina dakika 30. Ndani ya swali lenye vipande, fanya hesabu ileile: kipande cha alama 6 ni dakika 9, basi.

Hesabu hii inauma, kwa sababu swali unalolijua vizuri ndilo litakalokuibia muda. Alama za mwanzo za swali lolote hupatikana haraka kuliko za mwisho. Dakika 15 za ziada kwenye swali ulilokwisha kulijibu zinaweza kukupa alama mbili. Dakika hizohizo kwenye swali ambalo hujaligusa zinaweza kukupa saba. Muda wa swali ukiisha, acha nafasi ya nusu ukurasa, nenda lingine.

Kuanzia wiki ya nne kabla ya mtihani, andika kwa mkono majibu mawili kila juma kwa saa iliyotegwa, na katika wiki mbili za mwisho karatasi nzima ya saa mbili angalau mara moja kwa kila somo. Mwaka mzima tumeandika kwa simu na kompyuta; mkono usiozoeshwa huanza kuuma dakika ya arobaini, na mwandiko ukaharibika kabla ya swali la tatu.

Swali la kisa: mfano mzima

Mwenye nyumba amejenga katika mtaa wa Majengo kwenye kiwanja cha mtu mwingine, ule utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi. Amekaa miaka 20. Miaka 14 ya kwanza alimlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye kiwanja akafariki, hakuna aliyekuja kudai, naye akaacha kulipa. Sasa ni miaka 6. Mwaka jana warithi waliuza kiwanja, na mnunuzi, akiwa na hati, anataka kumwondoa. Mshauri mwenye nyumba.

Jibu baya linaanza na Sultani wa Zanzibar, maili kumi za mwambao na sheria ya hati za ardhi ya 1908. Yote ni kweli, na yana uzito wake kwenye swali la historia. Hapa hayakuulizwa.

Jibu zuri linaanza na suala, likiwa limevaa watu wa kisa: je, mwenye nyumba amepata haki ya kiwanja kwa kukikalia zaidi ya muda wa kisheria, na kama ameipata, inamfunga mnunuzi? Sentensi moja au mbili, si zaidi.

Halafu kanuni. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kifungu cha 7, inaweka miaka 12 kwa mwenye ardhi kudai ardhi yake. Kifungu cha 38 kinampa mkaaji njia ya kuomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Ukaaji uwe wa wazi, usiokatika, wala usiwe kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kisha sehemu inayobeba alama nyingi, kuchukua kila neno la kanuni na kulibandika kwenye ukweli wa kisa. Wazi? Ndiyo, nyumba inaonekana na kila mtu. Usiokatika? Miaka 20 bila kuondoka. Bila ruhusa? Hapa ndipo kisa kinapovunjika. Kulipa kodi ya ardhi ni kukiri kwamba ardhi ina mwenyewe na kwamba unakaa kwa ridhaa yake. Miaka 14 ya kwanza haihesabiki. Muda unaanza pale ruhusa ilipokoma, na tangu hapo ni miaka 6. Miaka 12 haijatimia.

Usiishie hapo. Jibu suala la pili hata kama la kwanza limekwisha kuamua kesi, maana limetegwa makusudi. Kuuzwa kwa ardhi pekee hakukati hesabu ya muda. Githu v Ndeete [1984] KLR 776 inasema hivyo. Na kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinazihesabu haki zilizopatikana kwa ukomo wa muda miongoni mwa haki zinazoishika ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Kwa hiyo kama miaka ingetimia, hati ya mnunuzi isingemwokoa.

Mwisho, ushauri, kwa sababu umeambiwa umshauri mtu. Dai la umiliki halitasimama leo. Hata hivyo mnunuzi hawezi kuja na tingatinga kesho asubuhi: kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi, kilichoingizwa mwaka 2016, kinataka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa anayekalia ardhi ya mtu binafsi bila haki. Atumie muda huo kuzungumza na mnunuzi kuhusu kununua kiwanja au fidia ya nyumba.

Jibu hilo linaingia kwenye kurasa tatu za mkono. Hesabu majina ya sheria na kesi: ni manne tu. Wanafunzi hudhani wingi wa kesi ndio alama; kesi moja iliyokaa mahali pake inashinda sita zilizopangwa kama orodha ya sokoni.

Mtego mwingine wa pwani, kwenye sheria ya mirathi. Kisa kinasema marehemu alikuwa Mwislamu, na mwanafunzi anaparamia Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kugawa fungu la mjane na watoto. Kifungu cha 2(3) cha sheria hiyohiyo kinasema ugawaji wa mali ya Mwislamu unafuata sheria ya Kiislamu. Na usiharakishe kuandika "Kadhi" bila masharti: Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mamlaka pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama hiyo. Ukiona kwenye kisa mtoto mmoja ni Mkristo, au mmoja amekataa kwenda kwa Kadhi, hilo halikuandikwa kwa bahati.

Swali la insha

Neno "jadili" linakutaka uchukue msimamo. Aya ya kwanza iseme unakubaliana na kauli iliyotolewa, unaipinga, au unakubali kwa kiasi gani. Kisha hoja tatu, kila moja na sheria au kesi yake, na hoja moja ya upande wa pili uliyoipa haki yake kabla ya kuijibu. Insha ya kueleza mada bila msimamo hupata alama za katikati hata ikiwa ndefu vipi.

Mji, joto na kivuko

Anayetoka Likoni asipange kufika mtihani wa saa mbili asubuhi kwa feri ya saa moja. Foleni ya asubuhi ni ya watu wote wanaoingia kisiwani, na feri moja ikiharibika mpango wote umeharibika. Uwe umevuka dakika tisini kabla ya mtihani, ukamalizie mapitio upande huu. Anayetoka Kwale kwa gari ana barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia. Wa Mtwapa, Bamburi na Kisauni, hesabu msongamano wa Daraja la Nyali, na mvua za masika zikinyesha ongeza nusu saa nyingine. Tuktuk ya Sh100 au 200 kwa kipande cha mwisho ni akiba ya kuweka mfukoni wiki hiyo.

Jasho hufuta wino. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, si ile ya wino wa maji, beba nne, na leso safi ya kuweka chini ya kiganja, baada ya kumwonyesha msimamizi kwamba haina maandishi. Kusoma nyumbani mchana wa Januari hadi Machi ni kupigana na usingizi. Kazi nzito ya kukariri iwe baada ya alfajiri, na mchana uandike maswali, maana mkono unaoandika haulali upesi. Mahamri na mbaazi ni kifungua kinywa kizuri, ila ule saa mbili kabla, usiingie chumbani na tumbo zito.

Mtihani ukiangukia Ramadhani, geuza ratiba: kukariri baada ya daku, maswali mafupi adhuhuri, karatasi kamili usiku baada ya tarawehe. Maji mengi kati ya futari na daku, na kahawa kidogo, kwa kuwa hukukosesha usingizi mchache ulio nao.

Ndani ya chumba

Simu iachwe nyumbani au kwenye begi nje, ikiwa imezimwa. Karatasi yoyote yenye maandishi, hata risiti ya matatu uliyoandikia kifungu, ni kesi ya nidhamu, na hapo nia yako haiulizwi kwanza. Kama somo linaruhusu kuingia na sheria, nakala iwe safi bila hata mstari wa penseli.

Dakika 10 za mwanzo, soma maelekezo ya juu. Kila mwaka kuna anayejibu maswali manne, na la nne halisahihishwi. Soma swali la lazima mara mbili: mara ya kwanza kama hadithi, mara ya pili ukipigia mstari tarehe, umri, pesa, maandishi na kimya. Umri wa miaka 17 kwenye kisa cha mkataba, au miaka minne tangu ajali kwenye dai la uzembe ambalo ukomo wake ni miaka mitatu, ni suala zima lililofichwa ndani ya neno moja.

Jina la kesi likikupotea, usigande. Andika "Mahakama ya Rufaa imeamua kwamba", toa kanuni, endelea. Kanuni ina alama hata bila jina. Usibuni jina. Ukibakiwa na dakika tano na swali halijaisha, andika kwa vidokezo: suala, kifungu, jibu. Kabla ya kutoa, andika nambari yako kwenye kila kijitabu, na vya ziada vifungwe kwa uzi pamoja na cha kwanza mbele ya macho yako.

Matokeo, na kinachofuata

Ukikosa somo kwa alama chache, omba kwa maandishi kusahihishiwa upya ndani ya muda uliowekwa na chuo, na weka nakala iliyogongwa muhuri. Kama unarudia, tafuta kwanza karatasi yako au maoni ya mhadhiri. Aliyeanguka kwa muda na aliyeanguka kwa kutojua hawasomi kwa njia moja.

Aliyefaulu na anaelekea kwenye uwakili ana mitihani mingine tisa mbele yake chini ya Baraza la Elimu ya Sheria: karatasi ya kuandika ina asilimia 60, kazi ya mradi 20, na ya mdomo 20, na kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili. Huko ni kuandaa hati ya madai, kiapo na mkataba wa kuuza ardhi. Kadi zako za ushahidi, ardhi na mirathi usizigawe kwa wadogo zako. Watengenezee nakala, zako utaondoka nazo kwenda Karen, Nairobi, kwenye Chuo cha Sheria cha Kenya.